Tanzia ya Bibi Yonka

Picha ile ilikuwa imekaa kabatini miaka sita ikimngoja mwenyewe afe. Bibi Yonka Draganova aliipiga alipotimiza miaka sabini, nywele zimetengenezwa saluni, kola nyeupe shingoni, akaiweka pamoja na gauni la kuzikiwa, soksi mpya na viatu ambavyo havijawahi kugusa ardhi. Wazee wote wa mji ule wa kando ya mto Danubi wana fungu kama hilo. Huko tanzia hubandikwa mitaani, na hakuna anayetaka kubandikwa kwenye nguzo za taa kwa picha ya kitambulisho, ile ambayo hata mtakatifu humfanya aonekane mwizi wa kuku. Basi mjukuu wake Zornitsa alipokuja kuomba picha ya tangazo la filamu, bibi alifungua droo bila kufikiri mara mbili.

"Chukueni hii," alisema. "Inakaa bure tu humo. Mimi kufa sina haraka."

Filamu yenyewe iliitwa Bibi wa Ghorofa ya Nne. Zornitsa, msichana wa miaka kumi na saba mwenye miguu mirefu na subira fupi, ndiye aliyeiandika na kuiongoza. Rafiki yake Krum alishika kamera, akashika pia kila kitu kilichokosa mtu wa kukishika. Ilikuwa hadithi ya kutia hofu ya dakika arobaini. Mwanamke mzee anakutwa amekufa katika nyumba yake iliyofungwa kwa ndani, watu wazima wote wanasema ni uzee, na wanafunzi watatu wanaoishi jengo lilelile wanakataa kuamini. Walikusudia kuwatisha vijana wenzao, wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane, na hawakubahatisha. Krum aliwauliza wanafunzi sitini wa shule yao kitu gani kinawaogopesha zaidi duniani. Cha kwanza kwa kura kilikuwa mtihani wa hisabati, cha pili ni mama kuikuta simu haijafungwa, na cha tatu ni nyumba yenye taa inayowaka ilhali hakuna mtu ndani. Wakashika hicho cha tatu.

Bibi Yonka aliigiza marehemu. Kwa wiki tatu za Septemba alilala juu ya sakafu ya jikoni kwake, amepakwa juisi nyekundu ya bitiruti kwenye paji la uso, na alikuwa marehemu mkaidi kuliko wote niliowahi kusikia habari zao. Alikosoa muswada. Alikosoa damu. Mara mbili alipitiwa na usingizi akakoroma, Krum akalazimika kuifuta sauti yote.

"Bibi, marehemu hakoromi!" Krum alilalamika.

"We umekufa mara ngapi, we mtoto, hata ukajua?"

Sasa lisemwe mapema lile ambalo Zornitsa hakumwambia mtu, maana bila hilo hadithi hii ni kichekesho tu. Mbele za watu alisema anataka ukumbi ujae. Moyoni alitaka mtu mmoja. Baba yake, Mladen, alikuwa Hispania ya kusini mwaka wa nane, akichuma nyanya katika mabanda ya plastiki, na safari hii ilikuwa imepita miaka mitatu hajakanyaga nyumbani. Mama yake Zornitsa aliolewa kwingine, pwani, akatuma zawadi kila Krismasi, na habari yake inaishia hapo. Aliyebaki ni baba, na baba alikuwa uso katika kioo cha simu siku za Jumapili. Zornitsa alimwambia tarehe ya uzinduzi tangu mwezi wa sita. Alimkumbusha wa nane. Mwishoni mwa Septemba akamwuliza wazi kabisa.

"Utakuja, baba?"

"Mwanangu, ndo msimu wenyewe huu. Bosi hampi mtu ruhusa. Mwaka ujao, Mungu akipenda."

"Mwaka ujao filamu itakuwa imeshaonyeshwa."

"Nitumie kwenye simu basi. Nitaiangalia kitandani."

Zornitsa alisema sawa. Alikuwa na njia ya kusema sawa ambayo bibi yake aliifahamu, na siku zile bibi alimkaangia viazi bila kuulizwa.

Ilipobaki wiki moja, tiketi zilizochukuliwa zilikuwa thelathini na nane kwa ukumbi wa watu mia mbili, na nusu ya hizo ni jamaa za Krum. Wakakaa jikoni kwa bibi kushauriana. Bibi alikuwa anamenya pilipili hoho za kuchoma, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Kizuri chajiuza," alisema.

"Biashara matangazo, bibi," alijibu Krum. "Kizuri kikikaa kimya kinaoza. Sikilizeni, nina wazo. Tunatengeneza tanzia."

Akawaeleza. Karatasi ya tanzia kama zile zinazobandikwa kila mahali: fremu nyeusi, msalaba, picha ya marehemu, saa na mahali. Mjomba wake alikuwa na ofisi ya mazishi na mashine yake ya kuchapia, kwa hiyo herufi zingekuwa zilezile za kweli. Kijana anapita kituo cha basi, anaona, anasoma, mwili unamsisimka, mwishoni anagundua kumbe ni filamu. Zornitsa alipenda palepale. Wakataka kuandika jina la mhusika, Elisaveta, ndipo bibi alipoweka kisu mezani.

"Elisaveta ndo nani? Nimelala sakafuni wiki tatu, kiuno kinaniuma mpaka leo, halafu nitangazwe kwa jina la mwingine? Andikeni langu."

"Bibi, si mkosi huo?" aliuliza Zornitsa.

"Mkosi ni kufa bila kujua watu watasema nini. Andika: Yonka Draganova. Na usikosee, nilifanya kazi posta miaka thelathini, makosa ya majina nayajua."

Wakaandika. Kwa uchungu tunawatangazia kwamba Yonka Draganova hayupo nasi tena. Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa utamaduni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta, waliongeza jina la filamu na umri wa watazamaji. Krum alishikilia herufi ziwe ndogo, ili mtu ashtuke kwanza ndipo aelewe. Jumapili alasiri wakabandika karatasi arobaini, kuanzia lango la shule hadi kituo cha mabasi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini wawili wale walirudi nyumbani wakiimba, gundi kwenye nywele.

Hapa ndipo kosa lao lilipolala, na ni kosa ambalo mtu wa mji ule tu ndiye angelifanya. Katika mji wenye tanzia kila nguzo, vijana hawazioni. Wamezaliwa wamezikuta, wanazipita kama wapitavyo rangi ya ukuta. Wanaozisoma ni wazee. Wao huzisoma kila asubuhi, moja baada ya nyingine, miwani mkononi, kabla ya mkate na kabla ya dawa ya presha, kujua nani katangulia. Yaani walichukua tangazo la vijana wakaliandika kwa lugha ya wazee, kisha wakalibandika usawa wa macho ya wazee.

Jumatatu kufika saa tatu asubuhi mji mzima ulikuwa unajua kwamba Yonka wa posta amefariki. Mtu fulani alipiga picha ile karatasi akaiweka kwenye kundi la mji mtandaoni, na ili uso uonekane vizuri akaukata ule mstari wa chini. Marehemu mwenyewe alikuwa shambani kwake nje ya mji, akivuna pilipili hoho za mwisho. Aliporudi saa sita, ndoo mkono huu na ndoo mkono ule, aliwakuta watu kumi na mmoja kwenye ngazi mbele ya mlango wake, wameshika maua kwa hesabu ya shufwa, mawili mawili, kama ipasavyo wafu. Jirani yake wa ghorofa ya pili, Penka, alikuwa amebeba bakuli la ngano ya kuchemsha iliyonyunyiziwa sukari, chakula cha kuwakumbuka wafu, na macho yamevimba.

"Penka, nani kafa?" aliuliza Bibi Yonka kwa huruma.

Penka aliangusha bakuli. Bakuli lilivunjika, ngano ikashuka ngazi hadi ghorofa ya tatu, na Bibi Yonka, badala ya kusikitika, alianza kuhesabu kwa macho nani amekuja na nani hakuja.

Zornitsa hakujua lolote kati ya hayo. Shuleni kwao simu huwekwa sandukuni asubuhi na kurudishwa saa nane. Alipoiwasha yake, ilitetemeka mfululizo mpaka mwalimu akageuka. Simu ishirini na sita, zote za baba, na chini yake ujumbe mmoja: Nimeona. Mama hapokei. Penka kanithibitishia. Naja.

Simu ya bibi haikupokewa kwa sababu ilikuwa kwenye kabati la chama cha filamu cha shule. Krum aliichukua tangu Ijumaa kunasa mlio wake kwa ajili ya filamu, na betri ikaisha. Na Penka aliyethibitisha, alithibitisha kwa kilio tu, baada ya kusoma karatasi ileile, na alipogundua ukweli simu ya baba ilikuwa imeshazimika. Baba alikuwa na mashahidi wawili, na wote wawili walikuwa karatasi moja.

Akampigia. Simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Krum, aliyekuwa amesimama pembeni akisoma kundi la mji kwenye simu yake, alikuwa amepauka.

"Zori, tumeua bibi yako," alisema. "Watu mia tatu wameweka alama ya mshumaa."

"Baba anakuja."

"Anakuja wapi?"

"Huku. Anadhani amefiwa."

Krum akakaa kwenye ngazi za shule. "Mpigie mtu aliye naye! Si anaishi na yule Sasho?"

Naam, alikuwa anaishi na Sasho, mchuma nyanya mwenzake, na namba ya Sasho Zornitsa alikuwa nayo, baba alimpa mwaka jana kwa ajili ya dharura. Sasho ndiye mwenye gari, kwa vyovyote ndiye anayempeleka uwanja wa ndege. Simu moja, maneno matatu, bibi yu hai, na yule mtu angegeuka njiani akarudi kwenye nyanya zake.

Zornitsa aliitafuta namba, akaiona. Kidole kikasimama juu yake. Na hapo, katikati ya aibu na hofu, alihisi kitu ambacho hajawahi kuisamehe nafsi yake hata leo: alifurahi. Baba anakuja. Ijumaa atakuwa hapa. Furaha ile ilimpanda kifuani ikampa joto, na yeye akaiweka simu mfukoni.

"Nimepiga," alimwambia Krum. "Naye hapokei."

Zornitsa hakumwambia bibi yake kwamba baba yuko njiani. Jioni yote bibi alipokea wageni kwa pombe kali ya raki na maandazi, akiwasimulia kifo chake, na Zornitsa alimwambia tu kwamba baba ameshatumiwa ujumbe. Ujumbe kweli ulitumwa, tena mara kumi na nne, lakini kwenye simu iliyozimika. Krum naye alizunguka mji mzima na kopo la gundi, akibandika ukanda mwekundu juu ya kila tanzia: YU HAI. NJOONI IJUMAA MSHUHUDIE. Kufika Jumanne tiketi zilikuwa zimekwisha. Vijana ambao hawakuziona tanzia walisikia habari za bibi wa filamu aliyefufuka kwenye ngazi, na hakuna aliyetaka kusimuliwa na mwenzake.

Mladen aliingia Jumanne saa nane mchana, kwa teksi, bila kutazama nguzo hata moja njiani. Zornitsa alijifanya ana homa ili asiende shule, kwa hiyo aliyaona yote. Baba alikuwa amenenepa tumbo na kukonda uso. Alikuwa amevaa shati jeusi la kuazima, lililombana mabega, na mkononi ana mshumaa mrefu wa kanisani. Mlango ulikuwa wazi, kama mlango wa kufiwa. Jikoni bibi alikuwa amempa mgongo, anakoroga rojo la pilipili hoho kwenye sufuria kubwa, redio inaimba.

"Mama," alisema Mladen. Hakusema kwa sauti.

Bibi akageuka na mwiko. Alimtazama mwanawe juu mpaka chini, akaona mshumaa, akaelewa, akazima redio. Mladen aliuangusha mshumaa. Aliketi sakafuni palepale, juu ya vigae vilevile alivyolalia bibi katika filamu, akashika sketi ya mama yake kwa mikono miwili akalia kama mtoto wa chekechea. Bibi akawa anampigapiga kichwani kwa mkono uliojaa pilipili, "Nipo, jamani, nipo, we mjinga, nani kakwambia, nipo."

Baadaye ilikuja chai, yakaja maelezo, na mwishoni likaja swali. Mladen alikuwa amechaji simu yake. Alisoma zile jumbe kumi na nne pole pole, kisha akainua macho kwa binti yake.

"Huu wa kwanza umeutuma saa nane na dakika kumi. Mimi nilikuwa kwenye gari la Sasho mpaka saa kumi na moja. Nimemwuliza sasa hivi. Anasema hakupigiwa na mtu."

Zornitsa alikizungusha kikombe chake cha chai.

"Namba ya Sasho unayo. Nilikupa mwenyewe."

"Ninayo."

"Basi?"

Angeweza kudanganya tena. Alikuwa mwandishi, uongo ungekuja. "Nilitaka uje," alisema. "Nilikuomba tangu mwezi wa sita ukasema bosi hatoi ruhusa. Bibi akafa nusu siku tu, ruhusa ikapatikana."

"Mtoto wewe!" bibi alifoka, lakini Mladen aliinua mkono.

"Nimekaa uwanja wa ndege usiku mzima," alisema, polepole sana. "Kwenye kiti cha chuma. Nikiwaza kama alikuwa peke yake. Kama aliita mtu. Usiku mzima, Zornitsa. Na we ulikuwa na namba."

Akasimama, akatoka kwenye roshani, akafunga mlango wa kioo nyuma yake. Mwaka mzima Zornitsa alikuwa ameandika hofu, amepima hofu, ameuliza watu sitini wanaogopa nini. Siku ile aliona hofu ya kweli inavyoubadili uso wa mtu, na alikuwa ameileta yeye. Majuto ni mjukuu, wasemavyo, na mjukuu mwenyewe alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai kilichopoa.

Siku tatu Mladen hakumsemesha. Hakuwa mkali, alimpitishia chumvi, alimfungulia mlango, alitengeneza bomba la bafuni na bawaba ya kabati. Alimenya pilipili na mama yake, wakazungumza kwa sauti ya chini, na Zornitsa akiingia mazungumzo yakahamia hali ya hewa. Alhamisi jioni aliona begi lake limefungwa kando ya mlango. Alisikia anaongea na bosi kwa Kihispania, ngazini, kwa muda mrefu, na hakuelewa neno. Bibi alimfuata Zornitsa chumbani.

"Kapata tiketi ya kesho. Basi la kwenda uwanja wa ndege linaondoka saa sita mchana."

"Na filamu?"

"Nimemwambia. Nimemwambia, 'Mama yako ndo nyota, utaniangusha?' Kasema kaniona nimekufa mara moja, inamtosha." Bibi akaketi kitandani. "Siwezi kumlaumu, na wewe siwezi kukudekeza. Ulifanya vibaya."

"Najua."

"Ila na yeye mwaka-ujao zake zimezidi," alisema bibi, akamvuta kichwa akamlaza pajani.

Ijumaa saa sita Zornitsa alikuwa ukumbini akijaribu projekta. Hakwenda kituoni. Aliona haya, na zaidi ya haya aliogopa kulitazama basi likiondoka. Saa kumi na moja foleni ilikuwa imezunguka jengo. Vijana walikuja kwa makundi, wakipiga kelele, wakijipiga picha na zile tanzia zenye ukanda mwekundu. Nyuma yao wakaja wazee, wamevaa vizuri, maana waliosikia kwamba amekufa na waliosikia kwamba yu hai wote walitaka kuhakikisha. Penka alikuja na bakuli jipya, safari hii la karanga. Bibi Yonka aliingia mwisho, na kola nyeupe, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Aliinamisha kichwa kama malkia akaketi katikati ya mstari wa mbele.

Mcheza kwao hutunzwa. Zornitsa alisimama kwenye chumba kidogo cha projekta, juu nyuma ya ukumbi, akatazama vichwa mia mbili kupitia dirisha dogo. Alivipitia kimoja kimoja. Aliyemtaka hakumwona. Krum akamgusa bega, akazima taa.

Dakika kumi za kwanza vijana walicheka mahali pasipo na kichekesho, na Zornitsa akatamani kufa kweli. Ya kumi na tano wakaanza kunyamaza. Taa ya ghorofa ya nne ilipowaka yenyewe, msichana mmoja alimrukia mwenzake mapajani, na Krum gizani akabusu kamera yake. Hofu ilikuwa imewaingia. Kisha ikafika sehemu ambayo Zornitsa aliipenda kuliko zote na aliyoiandika kwanza. Inaonyesha usiku aliokufa yule mwanamke. Analala kwenye vigae, macho wazi, mkono umenyooka. Mita moja mbele ya vidole, juu ya stuli, simu inalia. Hakuna muziki, hakuna maneno. Simu inalia, na kamera haisogei. Inalia, na mkono hausogei. Zornitsa aliiacha iite mara tisa, ingawa Krum alimsihi zitoshe nne.

Ilipoita mara ya sita, sauti ya mwanamume ilipasuka kutoka mlangoni, nyuma kabisa:

"Mama! Pokea!"

Ukumbi mzima uliruka. Vijana walipiga yowe ambalo nina hakika lilisikika ng'ambo ya pili ya Danubi. Karanga za Penka zikamwagika. Wengi walidhani ni sehemu ya filamu, wakaisimulia hivyo kwa miezi. Na katikati ya yowe, kutoka mstari wa mbele, Bibi Yonka aligeuka kwenye kiti akapaza sauti gizani:

"Nipo hapa, mwanangu! Kaa kimya, watoto wanatazama!"

Zornitsa hakusikia kicheko kilichofuata. Alishuka ngazi mbili mbili, akasukuma mlango wa pembeni. Mladen alikuwa kwenye korido, paji la uso limeegemea ukuta, begi miguuni. Shati lile jeusi alikuwa amelivua, amevaa sweta lake la zamani la kijani.

"Nilijua anaigiza," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa namwona mwenyewe pale mbele, na kola yake. Nilijua."

"Basi lako..."

"Limeondoka. Nilikaa pale kituoni nikalitazama linaondoka. Halafu nikazunguka tu mjini. Kila nguzo naye ananiangalia, eti yu hai, njoo ushuhudie."

"Na bosi?"

"Nimemwambia tangu jana kwamba mama yangu kafufuka. Kacheka mpaka akakohoa. Kasema niwe kazini Jumatatu, zaidi ya hapo hanitambui." Akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Jumapili naondoka, Zori. Nisikudanganye."

"Sawa," alisema, na safari hii sawa ilikuwa sawa. Kisha akalitoa lile alilokuwa amelibeba siku nne. "Nisamehe, baba. Nilikaa na simu mkononi. Nilifurahi kwamba unakuja. Uliumia, na mimi nikafurahi."

Mladen aliugeukia uso wake. Nyuma ya mlango simu ya filamu ilikuwa imeacha kulia na vijana walikuwa kimya kabisa.

"Pale uwanja wa ndege," alisema, "nilihesabu mara nilizowaambia mwaka ujao. Nilifika kumi na tano nikaacha." Akavuta pumzi. "Yule mwanamke wa kwenye filamu. Ana mtoto? Nani alikuwa anapiga ile simu?"

"Mwanawe."

"Na mbona haji?"

Zornitsa aliangalia sakafu. "Yuko mbali. Niliandika mwezi wa tatu, baba. Kabla ya haya yote."

Mladen akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kukitikisa. Alimshika binti yake kisogoni, kwa kiganja kilichokauka na kupasukapasuka kwa nyanya za watu, akamvuta kifuani, na Zornitsa akalia kwenye sweta lililonuka sabuni ya ugenini. Walikaa hivyo hadi ndani mtu akapiga yowe jingine, na lingine, na mbio za miguu zikasikika kwenye spika.

"Zimebaki dakika ngapi?" aliuliza Mladen.

"Kumi na moja."

"Basi usiniambie nani kamuua," alisema, akalibeba begi, wakaingia.